Maji Taka Yapimwe, Polisi Wakae Mbali

Kila tarehe 26 Juni, siku ambayo dunia imeitenga kupinga dawa za kulevya, viongozi wetu hupanda jukwaani wakatusomea kilo. Kilo zilizonaswa baharini, kete zilizokutwa maskani, vijana waliofikishwa mahakamani. Hotuba zikiisha mahema hukunjwa, na mzazi wa Kisauni, Mombasa, ambaye mwanawe ameanza kuuza sufuria za nyumbani ili apate ya kununulia unga wa heroini hurudi kwake bila jibu la swali moja alilokuja nalo: unga umepungua mjini au umezidi? Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa hakuna ajuaye.

Gazeti hili linasema ujinga huo sasa ni wa kujitakia. Njia ya kujua ipo, imejaribiwa kwa takriban miaka ishirini katika miji mingi ya dunia, haimwulizi mtu swali wala haimpekui mfukoni. Kinachomezwa, kinachovutwa na kinachodungwa huacha alama katika mkojo, na mkojo wa watu maelfu kwa maelfu hukutana mahali pamoja, mlangoni mwa mtambo wa kusafisha maji taka. Tunaitaka Serikali iyapime maji hayo. Na siku hiyohiyo, kwa sheria hiyohiyo, iwafungie polisi mlango wa maabara. Hatuleti madai mawili. Hili ni dai moja. Serikali itakayoona sehemu ya pili haiwezekani na isiiguse ya kwanza.

Tuanze na hizo kilo. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi nje ya pwani ya Kenya. Agosti mwaka huohuo meli Al Noor, iliyokamatwa ikiwa imeficha heroini katika tangi la dizeli, ililipuliwa baharini kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kunasa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Ni kazi kubwa, na waliohatarisha maisha yao kuifanya wanastahili heshima. Lakini shehena ya jahazi linalong'oa nanga pwani ya Makran, huko Irani na Pakistani, aghalabu ni ya kupita. Kwetu ni njia. Soko kubwa liko mbele. Kilo iliyonaswa haisemi ni kiasi gani kilishuka Mombasa, Malindi, Lamu au Unguja kikabaki. Wala haisemi kama mwaka wa kilo nyingi ulikuwa mwaka wa unga mwingi au mwaka wa doria nyingi.

Wenzetu wa Ubelgiji wamelionja jambo hili. Bandari ya Antwerp ni mmoja wa milango mikuu ya kokeini barani Ulaya. Mwaka 2023 forodha ya huko ilinasa tani 116. Mwaka 2024 zikashuka hadi tani 44 hivi. Anayehesabu kwa kilo angesema kokeini imepungua kwa zaidi ya nusu, akapokea pongezi na akaomba bajeti ihamishiwe kwingine. Maji taka ya mji uleule, yaliyopimwa miaka ileile, yaliendelea kuuweka Antwerp miongoni mwa miji yenye kokeini nyingi kuliko yote Ulaya. Kilichobadilika ni kilichoonekana bandarini. Watumiaji wa mjini hawakuacha.

Kuna njia ya pili, ya kuuliza. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hufanya tafiti za nyumba kwa nyumba, na tafiti hizo zina thamani yake, hasa kwa pombe na sigara. Kwa heroini hali ni nyingine. Mgeni mwenye karatasi anabisha hodi, kijana anaitwa sebuleni, baba yuko chumba cha pili na pazia ndilo ukuta, kisha kijana anaulizwa kama amewahi kutumia unga. Atajibu nini? Na yule ambaye unga umekwisha kumtoa nyumbani, analala nyuma ya soko au kwenye gofu la ufukweni, nani atambishia hodi wapi?

Wazo la kuyauliza maji badala ya watu liliandikwa mwaka 2001 na Christian Daughton, mwanakemia wa shirika la Marekani la kulinda mazingira. Waliolitenda kwa mara ya kwanza ni watafiti wa Taasisi ya Mario Negri ya Milano, Italia, wakiongozwa na Ettore Zuccato, nao wakachapisha matokeo mwaka 2005. Walichota maji ya mto Po mahali ambapo maji taka ya watu wapatao milioni 5 yalikuwa yamekwisha kuingia. Hawakutafuta kokeini peke yake. Walitafuta pia benzoilekgonini, kitu ambacho mwili wa binadamu hukitengeneza unapoivunjavunja kokeini, kisha hukitoa kwenye mkojo. Hiyo ndiyo siri ya njia nzima. Kokeini inaweza kufika mtoni kwa kumwagwa. Benzoilekgonini kwa wingi ule ni ushahidi kwamba ilipitia mwilini.

Walipopiga hesabu wakaona Po unabeba sawa na kilo 4 za kokeini kila siku. Takwimu rasmi, zilizotokana na watu kuulizwa, ziliashiria matumizi kama 15,000 kwa mwezi katika eneo lile. Mto ulionyesha angalau dozi 40,000 kwa siku. Soma tena: moja ni ya mwezi, nyingine ni ya siku. Nchi yenye hospitali, vyuo vikuu na idara ya takwimu ya kuaminika ilikuwa imekosea kwa kiwango hicho, na haikuwa na namna ya kujua mpaka walipoyachota maji.

Tangu hapo kazi imepata utaratibu wake. Mashine huwekwa penye mlango wa mtambo, ikawa inachota maji kidogo kidogo kwa saa 24, usiku na mchana, ili sampuli isiwe ya asubuhi peke yake. Maabara huyachuja, huzikusanya kemikali zinazotafutwa na kuzipitisha kwenye chombo kinachotambua molekuli kwa uzito wake, chenye uwezo wa kuona nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu, ndani ya lita ya maji. Kiasi kilichopatikana huzidishwa kwa ujazo wa maji yaliyoingia mtamboni siku hiyo, kikagawanywa kwa idadi ya watu wanaohudumiwa na mtambo. Jibu hutolewa kwa miligramu, kwa kila watu 1,000, kwa siku. Kwa kipimo hicho mji mdogo unalingana na jiji, na Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka ujao.

Mwaka 2011 watafiti wa Ulaya walioungana katika mtandao uitwao SCORE walipima miji 19 kwa wiki moja, kwa njia moja. Mwaka 2024 miji ilikuwa imefika 128, na matokeo hutolewa hadharani na wakala wa dawa za kulevya wa Umoja wa Ulaya ulioko Lisbon. Siku za wiki huonekana wazi. Katika miji mingi kokeini na ekstasi hupanda kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, kisha hushuka. Hakuna dodoso linaloweza kusema hivyo.

Tusizidishe sifa. Maji hayasemi kila kitu, na atakayeyasemesha yasiyosema atatuletea balaa. Fikiria sinia za biriani zinazorudi jikoni baada ya karamu ya harusi. Ukizipima utajua wali ulioliwa, na ukiwa mwangalifu utajua kwa karibu sana. Hutajua majina ya walioketi. Hutajua kama sinia moja walikula wanne au sita, wala kama mmoja wao alikula sehemu ya watatu. Vivyo hivyo miligramu 500 kwa watu 1,000 zinaweza kuwa za wengi wanaoonja au wachache waliozama. Atakayesimama na kusema maji yameonyesha tuna watumiaji kadha wa kadha, bila kueleza alivyotoka kwenye miligramu hadi kwenye vichwa, asiaminiwe.

Tena maji yanaweza kudanganya. Mwaka 2011 mji wa Utrecht, Uholanzi, ulionyesha kiwango cha ekstasi kisichowezekana kwa watu wa mji ule. Muda mfupi kabla ya hapo polisi walikuwa wamevamia kiwanda cha siri cha dawa hiyo karibu na hapo. Watafiti waliichunguza molekuli yenyewe. Ekstasi ina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mwili huyavunja kwa kasi tofauti, hivyo kinachotoka mwilini huwa kimeegemea upande mmoja. Ya Utrecht ilikuwa na pande zote mbili sawasawa. Haikuwa imepita katika mwili wa mtu, ilikuwa imemwagwa. Bila kazi hiyo ya ziada mji mzima ungeandikwa kwa kosa la wachache waliokuwa wakificha mali yao.

Sasa tufike kwenye jambo linalotufanya tuandike kwa ukali.

Australia ina mpango mkubwa wa taifa ulioanza mwaka 2016. Unasimamiwa na tume ya upelelezi wa jinai, maabara zikiwa za vyuo vikuu vya Queensland na Australia Kusini, na sampuli zake hugusa zaidi ya nusu ya wananchi. Kwa kipimo hicho nchi ile inajua kwamba katika mwaka ulioishia Agosti 2024 wakazi wake walitumia zaidi ya tani 22 za methamfetamini, kokeini, heroini na ekstasi kwa jumla. Ripoti hazitaji majina ya mitambo. Kila mtambo hupewa namba. Mpaka hapo ni mfano wa kuigwa.

Lakini mwaka 2017 Serikali ya Australia ilitangaza mpango wa kuwapima dawa za kulevya watu 5,000 waliokuwa wakiomba posho ya wasio na kazi, na ikasema maeneo ya majaribio yangechaguliwa kwa vigezo kadhaa, kimojawapo kikiwa maji taka. Yakatajwa matatu: Canterbury-Bankstown katika jiji la Sydney, Logan huko Queensland, na Mandurah, kusini mwa Perth. Ona kilichotokea hapo. Bomba la Mandurah hubeba mkojo wa wakili na wa daktari, wa mwenye duka na wa mwenye boti, pamoja na wa asiye na kazi. Maji yalipima wote. Waliotakiwa kupimwa mmoja mmoja ni wale tu waliokuja dirishani kuomba msaada. Takwimu iliyokuwa ya mji mzima ikageuzwa tuhuma ya maskini wake. Bunge lilikataa kuupitisha mpango huo, na tunawapongeza wabunge waliosimama. Hata hivyo funzo halijafutika. Haikuhitaji udikteta kufika pale. Ilihitaji waziri mwenye haraka na ramani.

China ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2018 jarida la Nature liliripoti kwamba miji kadhaa ya China ilikuwa ikitumia maji taka kuongoza kazi ya polisi, na kwamba huko Zhongshan, mkoa wa Guangdong, takwimu hizo zilisaidia kumkamata mtengenezaji wa dawa. Mtengenezaji, hatumlilii. Swali letu ni umbali wa bomba. Kadiri unavyopanda kutoka mtamboni kwenda mitaani, watu nyuma ya sampuli hupungua: laki moja, elfu kumi, mtaa, jengo, ngazi ya tatu mlango wa kushoto. Kemia ni ileile pote. Kinachoitenganisha afya ya umma na upekuzi wa nyumba bila hati ya mahakama ni mahali ulipochovya chupa yako.

Kwetu hatari hiyo haihitaji kubuniwa. Kila mkazi wa mji huu wa Mombasa anajua anachopata teja, yaani mraibu wa unga, mikononi mwa askari wa doria, na anachotoa ili aachiwe. Vijana wameshikwa kwa kuonekana wamekonda. Wapo wanaoogopa kufuata sindano safi kwa sababu gari la polisi hupaki karibu na kituo cha huduma. Katika hali hiyo, karatasi ya Serikali inayosema bomba la mtaa fulani lina alama nyingi za heroini itakuwa kibali cha msako kabla wino haujakauka. Mwenye nyumba atapandisha kodi au atafukuza. Mwajiri atauliza unakaa wapi. Nasi magazeti, tukiri, tutakuwa wa kwanza kuuchapa mtaa huo kwa herufi kubwa.

Ndiyo maana tunataka sheria itangulie chupa. Na hatuombi jambo geni, kwa kuwa Kenya imekwisha kulifanya vizuri kwa ugonjwa mwingine. Machi 2018 sampuli ya maji taka iliyochotwa Eastleigh, Nairobi, ilikutwa na kirusi cha polio kilichotokana na chanjo. Hakuna mtoto aliyekuwa ameonekana amepooza. Maji yalisema kabla ya miguu ya mtoto yeyote kusema. Wahudumu wa afya wakaingia mitaani na matone ya chanjo, nyumba kwa nyumba. Hakuna mzazi aliyeshtakiwa kwa kilichotoka chooni kwake. Tunajua basi kuchota, tunajua kusafirisha sampuli ikiwa baridi, tunajua kupeleka jibu kliniki badala ya kituoni. Na kwa kemia, watafiti walikwisha kuyapima maji ya mto Nairobi na mwaka 2012 wakachapisha viwango vya dawa za hospitali zilizomo, zikiwamo za kupunguza makali ya UKIMWI. Asije mtu kutuambia kazi hii ni ya Wazungu.

Ugumu upo, nao ni wa kwetu kabisa. Wa kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya watu wa mji huu hawamo katika bomba lolote. Mtambo wa maji taka wa Kipevu hupokea maji ya waliounganishwa. Wengi wa Kisauni na Likoni hutegemea vyoo vya shimo na makaro yanayonyonywa na magari. Dar es Salaam nayo ni hivyo hivyo, wachache wako kwenye mtandao wa mabomba na wengi wako nje yake. Kwa hiyo kipimo kitakachofanywa Kipevu ni cha waliounganishwa, na ripoti lazima iseme hivyo katika ukurasa wa kwanza. Hili lisitumiwe kuahirisha kazi. Kwa miaka mingi hesabu ya dawa za kulevya katika nchi hii imefanywa juu ya miili ya maskini, kwa sababu wao ndio wanaokaa maskani penye macho ya watu. Kokeini na vidonge vya kwenye majumba yenye kuta ndefu havijawahi kuhesabiwa na mtu. Bomba, kwa mara moja, lingeanzia huko.

Ugumu wa pili ni mzito zaidi, nao unahusu unga wenyewe. Heroini ndiyo iliyoivunja pwani hii, na heroini ni miongoni mwa dawa ngumu kuzisoma majini. Alama yake halisi, kemikali moja inayotokana nayo peke yake, hutoka mwilini kwa kiasi kidogo na huharibika upesi, na ndani ya bomba lenye joto la kwetu itaharibika upesi zaidi. Inayobaki kwa wingi ni morfini, ambayo pia hutoka kwa mgonjwa wa saratani aliyepewa na daktari, na kwa aliyemeza kodeini. Anayetaka kupima heroini sharti ajue kwanza hospitali za mji zimetoa morfini na kodeini kiasi gani mwezi huo, aitoe, ndipo aongee. Ni hesabu inayowezekana. Lakini inahitaji wizara yenye kumbukumbu za dawa zake, na hapo tuna maswali kwa wizara.

Mengine ni ya kawaida kwa mafundi: mvua za masika zinazoingia katika mabomba na kuyapunguza nguvu maji, mabomba yanayovuja, watu wanaovuka kivuko cha Likoni asubuhi na kurudi jioni, wageni wa msimu wa hoteli. Kila moja lina dawa yake, na sampuli ya wiki nzima, ikirudiwa mara nne kwa mwaka, huonyesha mwelekeo hata pale ambapo namba moja moja ina shaka.

Na mwelekeo ndio tunaouhitaji kuliko kitu chochote. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwaachisha watu heroini, Februari 2011. Kenya ilifuata Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha kliniki zikafunguliwa Malindi na Mombasa. Kila asubuhi watu waliokuwa wakipigwa na arosto, maumivu ya kukosa unga, hadi kugaragara chini husimama foleni, wakanywa kikombe chao mbele ya muuguzi, wakaenda kazini. Ni huduma iliyookoa roho nyingi, na kila mwaka wa bajeti hujikuta ikiomba kama mkiwa. Methadoni nayo ina alama yake majini, kemikali ambayo mwili pekee huitengeneza, isiyochanganyika na methadoni iliyomwagwa. Iwapo alama hiyo inapanda kwa miaka mitatu huku ya heroini ikishuka, hakuna mbunge atakayethubutu kuzikatia fedha kliniki hizo. Iwapo ya heroini haishuki, tujue mapema tukosoe tunapokosea. Leo tunabishana kwa hisia.

Tulibishana hivyo pia Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita-Taveta zilipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, Embu inakolimwa ikapinga, Rais akasema marufuku hiyo ni batili, mahakama ikaisimamisha. Kila upande uliapa kuwa unajua hali ya vijana. Haukuwapo upande hata mmoja uliokuwa na kipimo cha matumizi kabla ya marufuku wala baada yake.

Haya basi ndiyo tunayoyataka, na tunayataka yaandikwe kwenye sheria, si kwenye waraka wa wizara ambao waziri ajaye anaweza kuuchana. Sampuli ichotwe mlangoni mwa mtambo peke yake, na isichotwe kamwe kwenye bomba la jela, shule, hospitali, jengo au mtaa. Nyuma ya kila sampuli wawepo watu wasiopungua elfu kumi. Kazi iwe ya Wizara ya Afya, taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI na vyuo vikuu. Fedha zake zisipitie mfuko wa usalama hata shilingi moja, kwa kuwa anayelipia ndiye atakayedai jibu. Matokeo yasipokelewe kuwa ushahidi mahakamani, wala yasiwe sababu ya kuombea hati ya upekuzi. Yachapishwe yote, mazuri na mabaya, katika muda uliowekwa, pamoja na maelezo ya waliomo katika bomba na wasiomo. Wataalamu wa mtandao wa SCORE wenyewe waliona hatari hii wakajiandikia mwongozo wa maadili mwaka 2016. Bunge letu halina sababu ya kuwa legevu kuliko wanakemia.

Kuna watakaosema tunawafunga mikono polisi wakati watoto wanakufa. Tunawajibu kwamba polisi wana bahari nzima, bandari, viwanja vya ndege na benki zinazopokea fedha za wenye majahazi. Wapeleke mikono yao huko. Hapa kwetu mkojo wa mtu aliyeugua uraibu haujawahi kumfikisha mtu kwa mwenye shehena, na kilo 1,032 za mwaka 2014 hazikupatikana kwa kumpekua teja.

Upande wetu tunajifunga. Ripoti ya kwanza ikitoka, gazeti hili litaichapisha nzima, na maelezo ya mipaka yake yatakuwa kwenye ukurasa uleule wenye namba. Hatutachora ramani ya mitaa. Neno teja, ambalo sisi magazeti tumelitumia kana kwamba ni kabila, halitatumika katika kichwa chochote cha habari kitakachohusu vipimo hivi.

Mtambo wa Kipevu uko mahali pake na maji yanaingia usiku na mchana. Waziri wa Afya na Gavana wa Mombasa watuambie, kabla ya jukwaa la tarehe 26 Juni kujengwa tena, ni lini muswada utafika bungeni na ni nani atakayeishika chupa ya kwanza.